Anayesema Chanjo Inaua Alete Dalili

Nataka kusema na ndugu zangu wa mwambao, na khasa wenye nyumba na wenye kulea mabinti, juu ya jambo lililotuingilia tangu mwaka 2020 na mpaka leo halijatutoka. Jambo lenyewe ni haya maneno ya watu juu ya chanjo.

Wala simsemi mtu aliyekataa kuchanjwa. Chanjo ya korona ilipoletwa Tanzania ilitangazwa kuwa ni hiari, na aliyeogopa akakaa nyumbani kwake hana deni kwangu. Ninayemsema ni yule ambaye kukataa hakukumtosha. Akasimama msikitini, au barazani, au matangani, au akaitia sauti yake ndani ya simu ikapita mikono elfu, akatoa ushahidi kwamba chanjo inaua, chanjo inafunga kizazi, chanjo inabadilisha maumbile aliyoyaumba Mwenyezi Mungu. Na asitosheke na hayo, akaufanya ushahidi wake kuwa ni sehemu ya dini, hata aliyechanjwa akaonekana imani yake imepungua. Huyo ndiye ninayemdai. Namdai dalili.

Mimi naandika kutoka Bukene, wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora, kando ya reli iendayo Mwanza. Wazee wetu wa Kinyamwezi waliteremka na pembe mabegani mpaka Bagamoyo, wakapanda na nguo na shanga, na waliojaaliwa wakapanda na shahada. Ilimu yetu ya dini ilitoka kwenu. Mpaka leo mwalimu wa huku akikwama katika mas'ala huuliza pwani: Bagamoyo, Tanga, Unguja, Lamu. Sasa fikirini tulivyokuwa mwaka 2021. Katika miezi ile tuliyokuwa tukingoja neno kutoka pwani, kilichopanda si fat'wa bali ni uzushi. Sauti ya mtu asiyejitaja jina, anaapa kwa Mungu kwamba shemeji yake ni muuguzi Dar es Salaam na ameona watu wakianguka papo hapo kwenye foleni ya sindano. Shemeji huyo ni nani? Hospitali ipi? Siku gani? Hakuna. Na watu wazima wenye ndevu nyeupe, ambao hawaipokei hadithi ya Mtume mpaka wajue imepokewa na nani kutoka kwa nani, waliipokea khabari hiyo bila isnadi.

Hapo pana ajabu kubwa, na nataka tukae hapo kidogo. Umma huu ndio uliowafundisha walimwengu kuuliza: umesikia kwa nani? Maulamaa wetu walisafiri miezi kwa ajili ya kuhakikisha hadithi moja. Walimchunguza mpokezi, mkweli au si mkweli, hafidhi au msahaulifu, alionana na yule anayedai kupokea kwake au hakuonana naye. Mpokezi mmoja asiyejulikana katika mnyororo aliitia udhaifu hadithi nzima, ingawa maneno yake ni mazuri na yanapendeza. Hiyo ndiyo ilimu tunayowasomesha vijana. Kisha kijana huyo huyo akitoka darasani anaipokea simu ya baba yake, na ndani yake mna khabari ambayo wapokezi wake wote ni majhuli, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, na baba anamwambia aisambaze ili apate thawabu!

Katika Sura ya Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tukiletewa khabari na fasiki tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 83, amewalaumu wale ambao wakifikiwa na jambo la amani au la khofu hulitangaza pale pale, na lau wangelirudisha kwa Mtume na kwa wenye madaraka katika wao, wangelijua wale wawezao kulipeleleza. Na Imamu Muslim ameipokea mwanzoni mwa Sahihi yake hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba yamtosha mtu kuwa muongo kwa kuzungumza kila alilolisikia. Angalieni, hakusema kwa kuzua. Kwa kuzungumza tu kila alilosikia. Basi yule anayesema, "Mimi sikutunga, nimetumiwa tu," amejishuhudia mwenyewe.

Na kuna kichekesho kimoja, ingawa si cha kuchekea. Baadhi ya masheikh wetu waliisambaza khabari kwamba chanjo ina alama ya mnyama, namba 666. Ndugu zangu, namba hiyo imo katika kitabu cha mwisho cha Wakristo. Katika Qur'ani haimo, wala hadithi ya Mtume iliyoitaja siijui. Mwaka 2021 Askofu Josephat Gwajima, aliyekuwa mbunge wa Kawe, aliipinga chanjo ya korona mbele ya waumini wake, Bunge likamwita kwenye kamati mwezi wa Agosti na likamfungia mikutano miwili. Mimi sikuona faida ya kumfungia. Mtu hujibiwa, hafungwi mdomo. Lakini nilistaajabu kuona Waislamu ambao siku nyingine hawakubali hata salamu ya mchungaji, sasa wanayasambaza mahubiri ya kanisani kutetea tawakali ya Kiislamu.

Lakini haki ina pande mbili, na nikiwalaumu wasemaji peke yao nitakuwa nimedhulumu. Uzushi haukuota juu ya jiwe. Ulipandiwa udongo.

Mwaka 2020 Tanzania ilitangaza wagonjwa 509 na vifo 21, kisha takwimu zikanyamaza kwa zaidi ya mwaka mzima. Juni ya mwaka huo Rais John Magufuli alitangaza kwamba nchi imeokoka na korona kwa maombi. Januari 27, 2021, akiwa Chato, aliionya Wizara ya Afya isizikimbilie chanjo za kigeni, na siku chache baadaye waziri wa afya akasema wizara haina mpango wa kuzipokea. Miezi hiyo hiyo watu walikuwa wakifa. Nani asiyekumbuka? Tulizika kwa kufuatana. Lakini ugonjwa haukuwa na jina. Ulikuwa "changamoto ya upumuaji". Ulikuwa "nimonia". Ulikuwa "homa ya mapafu". Mtoto akiuliza baba amekufa kwa nini, aliambiwa kwa kushuka sauti, kama mtu anayetaja aibu.

Mmoja aliyeutaja kwa jina lake alikuwa Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Mwishoni mwa Januari 2021 chama chake kilisema wazi kwamba ana korona. Akafariki tarehe 17 Februari. Unaweza kumpenda katika siasa au usimpende, hilo halinihusu; lakini katika jambo hili yeye na watu wake waliwafanyia Waislamu wema kwa kusema kweli ya maradhi, maana mwenye kujua kilichopo hujikinga, na asiyejua hugonga ukuta gizani.

Wahenga wametuambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tuliyaficha, kikatuumbua, na juu ya hayo kikatuachia ila nyingine: tulipoteza ujuzi wa kuipima dawa. Kwani dawa hupimwa kwa ugonjwa wake. Ukiniambia sindano hii inaweza kumdhuru mtu mmoja katika laki kadhaa, nitauliza, na ugonjwa wenyewe unadhuru wangapi? Mtu aliyeambiwa mwaka mzima kwamba ugonjwa haupo, sindano yoyote kwake ni kubwa kuliko ugonjwa. Ndiyo maana tarehe 24 Julai 2021 zilipofika dozi 1,058,400 za Janssen kutoka Marekani, na tarehe 28 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya watu Ikulu ya Dar es Salaam, wengi hawakusadiki. Miezi sita nyuma kiti hicho hicho kilikuwa kimesema chanjo hazifai. Huwezi kumwambia mtu jana kwamba mto hauna mamba na leo umwuzie mkuki wa kumuulia mamba, kisha umlaumu kwa kukutazama.

Wako pia wanaosema, "Sheikh, wazungu wametutenda mengi, vipi tuwaamini?" Neno hili nalikubali nusu yake. Mwaka 1996 Kano, Nigeria, ulipoingia uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilikwenda kuwajaribia watoto kama 200 dawa yake mpya iitwayo Trovan. Wako waliokufa na wako waliobaki na ulemavu, wazazi wakalalamika kwamba hawakuelezwa sawasawa, kesi ikaenda miaka mingi mpaka kampuni ikakubali mwaka 2009 kulipa dola milioni 75. Na Pakistan, mwaka 2011, majasusi wa Marekani walitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini katika mji wa Abbottabad ili wampate Osama bin Laden. Hayo si uzushi. Yameandikwa, yana majina na tarehe. Na aliyefanya hila ndani ya sindano ya mtoto amewatendea ubaya watoto ambao hajawaona na hatawaona.

Sasa tazameni kilichofuata Kano, na someni kwa makini kwa sababu ndiyo njia tunayoifuata sisi. Mwaka 2003 wakubwa wa dini na wa siasa wa kaskazini ya Nigeria, wakiwa na jeraha lile la Trovan moyoni, walisema chanjo ya polio ina dawa ya kufunga kizazi, wakaisimamisha. Kosa la kampuni moja katika dawa moja wakalipeleka kwa dawa nyingine isiyokuwa yake. Wakati wao wanajadiliana, polio haikungoja. Ikatoka Nigeria ikaingia nchi jirani, ikapita Sudan, ikafika Saudia mwaka 2004, ikaingia Yemen, na mwaka 2005 ikafika Indonesia na kuwapooza watoto kiasi cha 300. Na mwaka 2004 Kano ilikuwa imekubali tena kuchanja, kwa sharti kwamba chanjo itoke nchi ya Waislamu. Na nchi iliyowatengenezea ni hiyo Indonesia! Ndugu zao Waislamu wakawapelekea kinga, na wao kirusi kilichotoka kwao kikawa kimeshapanda njia kuwaendea ndugu zao. Watoto waliopooza leo ni watu wazima. Wamo Sudan, wamo Yemen, wamo Java. Nani atakayesimama mbele yao aseme, "Mimi nilikuwa nimesikia tu"?

Wenzetu wa hospitali nao nina neno lao. Wako waliokuja huku na vipaza sauti wakasema chanjo haina madhara yoyote. Hilo nalo ni ushahidi bila dalili, na ni ushahidi ulioharibu kazi yao wenyewe. Hakuna dawa isiyokuwa na madhara. Hata asali humdhuru mwenye sukari. Hiyo Janssen tuliyoletewa ilisimamishwa Marekani tarehe 13 Aprili 2021, baada ya wanawake 6 kuganda damu kwa namna isiyo ya kawaida na mmoja wao kufa, katika dozi zaidi ya milioni 6.8. Siku kumi baadaye ikaruhusiwa tena pamoja na onyo. Mwezi wa Mei 2022, idadi ya walioganda damu ilipofika 60 na waliokufa 9, katika dozi zaidi ya milioni 18, Marekani ikaiwekea mipaka, kwa kuwa wao walikuwa na chanjo nyingine za kuchagua. Hizo ndizo khabari zenye isnadi. Waliodhurika wakahesabiwa, dozi zikahesabiwa, anayetoa hesabu akajitaja.

Je, ingetugharimu nini kuwaambia watu hivyo? Mama mmoja wa hapa Bukene, hajui kusoma herufi za Kilatini lakini Qur'ani anaisoma, nilimpa hesabu hiyo kama nilivyoiandika hapa. Akauliza, "Na wenyewe huo ugonjwa, mwalimu, umeua wangapi?" Nikamwambia kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo milioni 14.9 kupita kiasi cha kawaida, kwa mwaka 2020 na 2021 peke yake. Akanyamaza akihesabu kwa vidole, kisha akamwita mwanawe ampeleke zahanati. Watu wetu si wajinga. Wananyimwa hesabu, kisha wanalaumiwa kwa kutojua kuhesabu.

Na sasa nije kwa wale wa tawakali, maana hao ndio wenye maneno matamu. Wasema: aliyeandikiwa kufa atakufa, achanjwe asichanjwe, na mwenye kuikimbilia sindano ameikimbia qadari. Twawajibu kwamba neno hilo si jipya; alikwisha kuulizwa aliye bora kuliko sisi sote. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akafika Sargh, aliambiwa tauni imeingia huko. Akashauriana na masahaba, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamwuliza ikiwa anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba anaikimbia qadari ya Mungu kwenda kwenye qadari ya Mungu, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Popote atakapolisha, amelisha kwa qadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Awf akawapa hadithi ya Mtume kwamba mkisikia tauni imo katika nchi msiingie, na ikiwakuta mumo msitoke kwa kuikimbia. Huyu ndiye Umar. Sasa mtu wa leo anayemwambia bibi yake asichanjwe kwa sababu ya tawakali, tawakali yake imeizidi ya Umar?

Tena tuseme kweli tupu. Kila mwaka mahujaji wetu hukunja mikono ya kanzu wakachomwa chanjo ya uti wa mgongo, kwa kuwa Saudia imeifanya sharti kwa miaka mingi, na ya homa ya manjano pia, na kadi zao wanazihifadhi pamoja na pasipoti. Sijapata kumsikia hata mmoja akisema imani yake imepungua uwanja wa ndege. Hija ya mwaka 2022 ilipofunguliwa kwa watu milioni moja, sharti likawa umri chini ya miaka 65 na chanjo ya korona. Nawajua waliokuwa wakisema chanjo hiyo ni sumu, na mwaka ule wakaipata kimya kimya, wakahiji, wakarudi, Mungu awakubalie. Sumu gani hiyo inayogeuka kuwa halali ukikata tikiti ya ndege?

Na akina mama je? Nani kati yenu hana alama ya chanjo ya kifua kikuu begani? Nani hakumpeleka mwanawe kliniki kwa surua, kwa polio, kwa pepopunda na kifaduro, na kadi ikajazwa? Hata neno lenyewe "kuchanja" si la wazungu. Wazee wetu walichanja mwili kwa wembe na kutia dawa kabla ya kuja hospitali. Mzee wangu mmoja aliyekuwa akiiogopa sindano ya korona ana chale kifuani alizochanjwa na mganga, na hajui mpaka leo ni unga gani aliotiwa. Katika dawa ile hakuuliza ina nini.

Sisi wa njia hii ya misafara tuna sababu kuliko wengine ya kuikumbuka ndui. Mizigo ilipokwenda na maradhi yalikwenda, kambi kwa kambi, Bagamoyo hadi Unyanyembe hadi Ujiji, na wapagazi walioshikwa walikuwa wakiachwa njiani. Maradhi yale yameondoka duniani kabisa, na mtu wa mwisho kuyapata kwa njia ya kawaida alikuwa Mwislamu wa mwambao huu huu: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa akifanya kazi hospitalini, chanjo ipo, na yeye akaikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Akawasindikiza watoto wawili wagonjwa kwa gari, safari fupi tu, akaambukizwa. Alipona. Katika majuma mawili yaliyofuata walichanjwa watu zaidi ya 50,000 pale Merka na pembezoni mwake ili moto usitoke, na haukutoka. Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha. Na yule Ali, alipokuwa mtu mzima, alikuwa akizunguka Somalia kuwahimiza wazazi wawachanje watoto wao polio, na akiwasimulia khabari yake mwenyewe. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo. Huyu ni shahidi mwenye jina, mwenye mji, mwenye mwaka. Nileteeni wa kwenu.

Nimeyasema yote haya kwa sababu ya mabinti. Korona imepungua na watu wameisahau, lakini ulimi uliozoea haukusahau, umehamia kwingine. Mwezi wa Aprili 2024 serikali ilianza kutoa kwa dozi moja chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14, katika shule na vituo. Maneno ni yale yale, yamevuliwa nguo ya korona yakavishwa nguo hii: inafunga kizazi, wanataka kutumaliza. Huku kwetu wako wazazi waliowazuia binti zao wasiende shule siku wauguzi walipokuja, na mmoja wao aliniambia ameitumiwa khabari na jamaa yake wa pwani, mtu wa dini.

Basi tuhesabu. Mama zenu na wake zenu wamechomwa sindano ya pepopunda wakiwa waja wazito miaka na miaka, na hiyo nayo ilisemwa kuwa inafunga kizazi. Nchini Kenya mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki waliipinga kwa neno hilo hilo. Tanzania ilikuwa na watu milioni 44.9 katika sensa ya 2012, na milioni 61.7 katika sensa ya 2022. Mkoa wetu wa Tabora ulitoka milioni 2.3 ukakaribia milioni 3.4. Ikiwa hii ndiyo hila ya kutumaliza, basi adui yetu hajui kazi yake.

Na saratani yenyewe, nani anayeihesabu? Ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko zote Tanzania. Makadirio ya mwaka 2020 ni wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka mmoja. Wengi hufika hospitali wamechelewa. Ni mama wa nyumbani, mwenye wajukuu, anayetoka damu na kuona haya kumwambia hata binti yake, na mwisho anapelekwa Ocean Road na ugonjwa umeshaenea. Hayo ndiyo mauti ambayo mwenye kusambaza uzushi anawachagulia watoto wa watu.

Najua lililo nyuma ya hofu hii, ingawa wengi hawalitamki. Kirusi kinacholeta saratani hiyo hupita katika tendo la ndoa, na baba akisikia hivyo huona ametukanwa: "Binti yangu si mzinzi, wa nini chanjo?" Ewe baba, Mwenyezi Mungu akuhifadhie binti yako. Lakini binti yako ataolewa. Utamwoza bikira, kwa mahari na mashahidi, nami huenda nikaisoma khutba yake. Na huyo mume je, unaijua khabari yake yote tangu ujana wake? Na kama alikuwa na mke kabla yake, na mke huyo alikuwa na mume kabla yake? Kirusi hiki mtu hukibeba miaka asione dalili yoyote. Binti mwenye kujihifadhi, asiyevuka mpaka hata mmoja wa sharia, anaweza kukipokea katika kitanda chake cha halali, na akafa nacho akiwa na miaka hamsini. Kumchanja si kumshuku. Unamfungia mlango ambao yeye hawezi kuufunga, kwa sababu ufunguo wake umo mikononi mwa mtu ambaye hata hajamjua.

Na ukisema bado unaogopa, ogopa, lakini uliza. Nenda kwa mganga mkuu wa wilaya, mwulize chanjo hii inaitwa nani, imetoka wapi, imetiwa nini, nani wasiostahili kuipata, mkono ukivimba nifanye nini. Asipokujibu, mwulize tena. Ni haki yako na ni wajibu wake. Mtoto akidhurika baada ya sindano yoyote, usimpeleke matangani, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, na kadi yake. Iandikwe chanjo gani, toleo lenye namba gani, tarehe, saa, kilichoonekana na kilidumu muda gani. Na umwambie mhudumu aipeleke taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo hupokea taarifa za namna hiyo. Nami nipatie nakala hapa Bukene. Ikiwa na jina la mtoto na la aliyemchoma, nitaisoma mwenyewe mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa.